Kopo la vitamini halijui bibi anakula nini

Vitamini nyingi za wazee wetu zinashuka uwanja wa ndege wa Kisauni, hapa Zanzibar, ndani ya mabegi. Anayerudi kutoka Maskat, Dubai au London huwa amelichomeka kopo moja au mawili katikati ya nguo, na karibu kila mara kopo lina maandishi ya "50+" na picha ya mzee wa Kizungu mwenye meno yote kinywani. Bibi anapewa, anaomba dua, kopo linakaa juu ya kabati pamoja na dawa za presha na za sukari. Likimalizika anapiga simu: "Mwanangu, zile dawa za nguvu zimekwisha." Swali la kama zile dawa zinamsaidia haliulizwi, maana kuuliza ni sawa na kuitia zawadi kwenye mizani.

Naliuliza mimi, kwa sababu siku hizi kuna majibu ya kisayansi, na majibu yenyewe yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp yakiwa yamekatwa nusu. Nusu inayozunguka ni hii: multivitamini, yaani kidonge chenye mchanganyiko wa vitamini na madini, ikimezwa kila siku inachelewesha uzee wa ubongo kwa miaka miwili. Habari hiyo haikutungwa. Imetoka kwenye utafiti wa Marekani uitwao COSMOS, ulioongozwa kutoka hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, uliochukua watu 21,442: wanaume kuanzia miaka 60 na wanawake kuanzia miaka 65. Waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa multivitamini na wengine kidonge kitupu kinachofanana nayo. Kisha vikundi vitatu kutoka humo vikapimwa kumbukumbu na akili, kimoja kwa simu, kimoja kwa intaneti na kimoja ana kwa ana kliniki. Matokeo yalitoka mwaka 2022, 2023 na 2024. Yalipojumlishwa, waliokuwa wakimeza multivitamini walikuwa mbele kidogo, na hiyo "kidogo" ndiyo watafiti walioikadiria kuwa sawa na miaka miwili ya kuzeeka.

Nusu isiyozunguka ni kwamba utafiti huohuo ulitazama pia saratani, mshituko wa moyo na kiharusi, na multivitamini haikupunguza hata kimojawapo. Kabla yake kulikuwa na utafiti wa madaktari wanaume 14,641 wa Marekani wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka kumi. Saratani ilipungua kwa asilimia 8, moyo haukupata nafuu, na wale wa miaka 65 na zaidi waliopimwa akili hawakuonyesha tofauti yoyote. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi mwingine wa Wamarekani 390,124 waliokuwa na afya njema, waliofuatiliwa kwa zaidi ya miaka 20. Waliomeza multivitamini hawakuishi zaidi ya wasiomeza. Jopo la Marekani linaloshauri kuhusu kuzuia maradhi lilikuwa limeshasema mwaka 2022 kwamba ushahidi hautoshi kupendekeza wala kukataza.

Kwa hiyo msomaji anayetaka jibu la "ndiyo" au "hapana" kutoka Marekani hatalipata. Lakini hata lingepatikana, lingekuwa jibu la watu wengine. Wale wa COSMOS wengi wao ni Wazungu, wamesoma, wana daktari wa kudumu, na wanaishi katika nchi ambayo unga wa ngano umelazimishwa kuongezwa foliki asidi (vitamini B9) tangu mwaka 1998 na mchele mwingi unauzwa ukiwa umeongezwa vitamini. Huku kwetu mzee wa Micheweni anakula wali wa mchele mweupe uliokobolewa ukabaki kiini kitupu. Miili hiyo miwili haianzi safari mahali pamoja. Kidonge kilekile kinaweza kumwongezea mmoja na kisimfanyie mwingine lolote, na hakuna anayejua kwa kukisia tu ni yupi.

Jambo hilo halikuvumbuliwa Boston. Lilionekana Pemba.

Mwaka 2002 watoto wa Pemba wenye umri wa kati ya mwezi mmoja na miaka mitatu walianza kupewa kila siku vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi, wengine pamoja na zinki, wengine kidonge kitupu. Zaidi ya watoto 24,000 walihusika katika upande wa chuma. Kazi ilifanywa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, pale Wawi, kwa kushirikiana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Hapakuwa na mtu aliyetarajia mabaya. Watoto wetu walikuwa na upungufu wa damu, chuma huongeza damu, hesabu ilionekana imekamilika. Mwezi wa Agosti 2003 upande wa chuma ukasimamishwa. Watoto waliopewa chuma na foliki asidi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufa au kulazwa hospitali kwa maradhi makali. Malaria ilikuwa bado imetanda, na chuma kinapoingia kwenye mwili wenye malaria hakimpi nguvu mtoto peke yake.

Wakati huohuo vidonge vya aina hiyohiyo vilikuwa vinajaribiwa kusini mwa Nepal, mahali ambapo malaria ni adimu. Kule havikudhuru, na vifo havikupungua pia. Matokeo ya nchi zote mbili yalichapishwa pamoja kwenye jarida la Lancet mwanzoni mwa mwaka 2006, na Shirika la Afya Duniani likalazimika kubadili ushauri wake kuhusu kuwapa chuma watoto wa sehemu zenye malaria.

Kuna kipande cha utafiti huo ambacho ndicho kilichonifanya niandike. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu mwanzoni na kupewa matibabu mazuri ya malaria, wale waliokuwa kweli wamepungukiwa na chuma walifaidika. Waliodhurika zaidi ni wale ambao hawakuwa na upungufu. Kisiwa chetu kiliifundisha dunia, kwa gharama ya watoto wake, kwamba kirutubisho kinamfaa aliyepungukiwa, na kwamba huwezi kumjua aliyepungukiwa kwa kumtazama usoni. Halafu sisi wenyewe tunanunua makopo kwa kutazama picha.

Sitaki kutisha watu. Mzee wa miaka 72 si mtoto wa miezi minane, malaria ya Zanzibar leo si ile ya 2002, na multivitamini ya kawaida iliyotengenezwa vizuri haitamdhuru mzee mwenye afya. Hoja yangu ni ndogo kuliko hiyo na nadhani ni ngumu zaidi kuikwepa: kopo linachaguliwa kabla ya kujua nini kimepungua, na kwa wazee wetu kitu kinachopungua mara nyingi kinajulikana, kina jina, na kopo la jumla halina kipimo cha kukitibu.

Namaanisha vitamini B12.

Mwili unahitaji B12 kidogo mno, mikrogramu 2.4 kwa siku, na kwa watu wa pwani haipaswi kuwa tabu. Gramu mia moja za pweza aliyepikwa zina mikrogramu zipatazo 36, yaani mahitaji ya wiki mbili kwenye kibakuli kimoja cha Forodhani. Chaza na kombe nao wamejaa. Dagaa wanayo, pamoja na chokaa (kalisi) ya mifupa yao kwa vile wanaliwa wazimawazima. Lakini tazama sinia la mchana katika nyumba nyingi. Bibi ndiye anayegawa, na kinofu cha samaki anakisukuma kwa wajukuu, yeye anabaki na mchuzi na wali. Pweza anahitaji meno. Bei ya pweza mzuri siku hizi inapangwa na mahoteli. Na dagaa wanaoanikwa vijiji vya Mangapwani na Kama wanapakiwa kwenda Kongo, kisha tunasubiri makopo kutoka Dubai. (Biashara ya dagaa inalisha familia nyingi na siipingi. Nacheka tu.)

Hata akila samaki kila siku, kuna tatizo lingine ndani ya tumbo. B12 ya chakula imeshikamana na protini, na inayoibandua ni tindikali ya tumbo. Umri unapokwenda, tumbo la watu wengi hutengeneza tindikali kidogo. Ongeza vidonge vya vidonda vya tumbo vya jamii ya omeprazoli, ambavyo watu wanavimeza miaka na miaka bila kurudi kwa daktari, na tindikali inapungua zaidi. Ongeza metfomini, dawa ya kwanza ya sukari, ambayo nayo ikitumiwa muda mrefu inapunguza B12 mwilini. Sasa hesabu mwenyewe kwenye ukoo wako: ni wazee wangapi wana sukari, wanameza metfomini asubuhi na jioni, na wana kidonge cha tumbo pembeni?

Dalili za B12 kupungua zinafanana na uzee wenyewe, na hapo ndipo inapojificha. Ganzi na kuchomachoma nyayoni. Kuyumba akitembea gizani. Uchovu. Damu kupungua. Kusahau, tena kusahau kule ambako familia husema "bibi sasa amekuwa mtoto" na mazungumzo yakaishia hapo. Mwenye sukari akilalamika ganzi, kila mtu, pamoja na wahudumu wa afya, anasema ni sukari. Inaweza kuwa kweli. Inaweza pia kuwa ni dawa ya sukari imemaliza B12, na hilo linatibika likiwahiwa. Likichelewa, mishipa ya fahamu hairudi yote.

Hapa multivitamini ina hoja nzuri ya kujitetea, na ni haki kuitaja. B12 ya kwenye kidonge haikushikamana na protini, haihitaji tindikali, kwa hiyo mzee mwenye tumbo dhaifu huinyonya kwa urahisi kuliko ya samaki. Ndiyo maana wataalamu wa lishe wa Marekani tangu mwaka 1998 wamewashauri waliovuka miaka 50 wapate sehemu kubwa ya B12 kutoka kwenye vidonge au vyakula vilivyoongezwa. Kama faida ya kumbukumbu iliyoonekana COSMOS ni ya kweli, nisingeshangaa kama B12 ni mojawapo ya sababu, ingawa hilo ni wazo langu na si matokeo ya utafiti.

Ila tazama vipimo. Multivitamini ya wazee iliyotumika katika COSMOS ina mikrogramu 25 za B12. Inatosha kumzuia mtu asipungukiwe. Kumtibu aliyekwisha kupungukiwa ni kazi nyingine: utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2005 uliowajaribu wazee wenye upungufu mdogo ulikuta kipimo kilichohitajika kurekebisha damu yao kilikuwa kati ya mikrogramu 647 na 1,032 kwa siku. Kwa hiyo bibi mwenye ganzi anayemeza kopo lake kwa uaminifu anapata sehemu ndogo sana ya anachohitaji, na foliki asidi iliyomo humohumo inaweza kurekebisha damu yake ionekane nzuri huku mishipa ikiendelea kuharibika. Familia imetulia kwa sababu bibi "anakula vitamini". Utulivu huo ndio unaonitia wasiwasi kuliko kopo lenyewe.

Upande wa pili wa barabara, kwenye duka la dawa, kuna vidonge ambavyo watu wanaviita vya mishipa: mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Mzee akisema miguu inakufa ganzi, hivyo ndivyo anavyopewa, mara nyingi bila cheti. Soma pembeni ya pakiti. Nyingi zina miligramu 100 au 200 za B6 kwa kidonge kimoja, wakati mwili wa mzee hauhitaji hata miligramu 2 kwa siku. B6 kwa wingi huo kwa muda mrefu huharibu mishipa ya fahamu, na dalili ya kwanza ni ganzi ya miguu. Mtu anatibu ganzi kwa kitu kinachoweza kuleta ganzi, na kila ikizidi anarudi dukani kununua zaidi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2023 ilishusha kiwango cha juu kinachokubalika cha B6 hadi miligramu 12 kwa siku. Daktari anaweza kuwa na sababu ya kutoa dozi kubwa kwa wiki chache. Kumeza mwaka mzima kwa sababu jirani alipata nafuu ni jambo jingine.

Vingine nitavipitia haraka. Chuma: mzee hapotezi damu kila mwezi, kwa hiyo akikutwa na damu pungufu swali la kwanza ni inakwenda wapi. Inaweza kuwa safura, kichocho, kidonda cha tumbo kutokana na dawa za maumivu, au uvimbe kwenye utumbo. Kumpa chuma bila kulijibu swali hilo ni kuupa ugonjwa muda. Vitamini D: jua tunalo, lakini ngozi ya mzee hutengeneza kidogo, na mama anayejisitiri na kukaa ndani ukumbini hapati jua hilo. Mikrogramu chache za tahadhari zina mantiki kwake, hasa akiwa amevuka miaka 75, ingawa utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 25,871 haukuonyesha kwamba vitamini D inapunguza kuvunjika mifupa kwa watu wasiochaguliwa kwa upungufu. Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, wasianze kopo lolote bila kumwambia daktari, kwa sababu vitamini K iliyomo hushindana na dawa. Wanaomeza dawa ya tezi ya shingo (thairoidi) waiweke mbali na kopo kwa saa nne, maana chokaa na chuma huizuia isinyonywe.

Na kama lengo ni kumbukumbu, jambo lenye uzito zaidi kabatini ni kile kidonge cha presha anachokiruka. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba kuishusha presha vizuri kunapunguza uwezekano wa akili kuanza kudhoofika kwa takriban asilimia 19. Nimewaona wazee wanaomeza vitamini kila siku bila kukosa na dawa ya presha "kichwa kikiuma tu". Vitamini imetoka kwa mtoto aliye Ughaibuni, ina rangi nzuri. Ya presha imetoka kituo cha afya, kwenye karatasi iliyokunjwa. Hata heshima ya dawa inategemea imetoka wapi.

Kuna fedha pia. Zanzibar ilianza pencheni jamii mwaka 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikia miaka 70, bila kuuliza alifanya kazi wapi, na baadaye ikapandishwa hadi 50,000. Ni jambo la kujivunia. Kopo la nje likinunuliwa hapa mjini linaweza kulamba pencheni ya mwezi mzima au sehemu yake kubwa. Kwa fedha hiyohiyo mzee anapata mayai, dagaa na papai kwa wiki kadhaa. Mzee asiye na hamu ya kula, aliyebaki na chai na boflo asubuhi na uji usiku, huyo nitamkubalia multivitamini bila ubishi, kwa sababu upungufu wake hauhitaji maabara kuuona. Hata hivyo ningeuliza kwanza kwa nini hali. Meno? Huzuni ya kufiwa? Anakula peke yake?

Kwa walio nje wanaouliza kila Ramadhani "nimletee bibi nini", jibu langu linaudhi kidogo: kabla ya kopo, tuma picha ya dawa zote zilizo juu ya kabati kwa mtu anayezijua, kisha tuma nauli na gharama ya kipimo. Picha kamili ya damu, sukari, presha, na kwa mwenye metfomini kwa zaidi ya miaka mitatu au minne, B12. Kipimo hiki hakipo katika kila kituo, najua. Lakini B12 ni miongoni mwa vitamini ambazo wingi wake hauna sumu inayojulikana, kwa hiyo daktari aliye mbele ya mzee mwenye ganzi, metfomini na damu pungufu anaweza kuanza matibabu hata maabara ikiwa mbali.

Uingereza mwaka 2022 iliwaagiza madaktari wake wampime B12 mgonjwa wa metfomini anayeonyesha dalili, na wafikirie kuwapima mara kwa mara walio hatarini zaidi. Kliniki za sukari za Unguja na Pemba zinawaona wagonjwa haohao kila mwezi, kwa majina, wakiwa na vitabu vyao mkononi. Mstari mmoja wa nyongeza kwenye kitabu hicho, wa "ganzi, ndiyo au hapana" na tarehe ya B12 ya mwisho, ungewafikia wazee wengi kuliko mabegi yote ya Kisauni, na Wizara ya Afya inaweza kuanza nao katika hospitali za Mnazi Mmoja, Chake Chake na Abdalla Mzee kabla ya kwenda kwingine.